Makaburi ya Sukuma Wiki

Haibe alirudi kutoka mnada wa ng'ombe wa Bissil saa nne asubuhi, akafungua geti la nyuma, na kabla hajatua mfuko wake akaona makaburi matatu kando ya ua. Yalikuwa na urefu wa mtu aliyelala. Yalikuwa yameinuliwa vizuri, yamefunikwa nyasi kavu, na kila moja lilikuwa na kijiti kimechomekwa upande wa kichwani. Haibe alisimama. Akainua mikono, akawaombea marehemu dua bila haraka, akajipangusa uso, ndipo alipomwita mke wake.

"Jawahir. Nani amekufa nikiwa safarini?"

Jawahir alichungulia kutoka mlango wa nyuma wa duka, kijiko cha kupimia sukari mkononi.

"Hakuna mtu amekufa."

"Na hawa watatu?"

"Hiyo ni sukuma wiki."

Haibe aliyatazama makaburi, akamtazama mke wake, akayatazama tena.

"Nimeiombea sukuma wiki pepo," alisema.

"Si mbaya. Ombea na kitunguu pia, iko hapo nyuma ya tangi."

Aliyejenga matuta hayo alikuwa Jentrix Namalwa, mshauri wa bustani, mwanamke mrefu wa makamo, mwenye sauti ya taratibu na mazoea ya kuinama kila anapopita penye mmea ili aone jani upande wa chini. Ilikuwa Aprili ya mwaka 1997, na alikuwa na majuma machache tu tangu afike Kitengela. Kabla ya hapo, kazi yake yote aliifanyia Msambweni, pwani ya kusini.

Msambweni hewa yenyewe ni maji. Kanga iliyoanikwa asubuhi, jioni bado ina unyevu. Mkate ukiuacha mezani, unaota ndevu. Nyanya za huko hazifi kwa kiu, zinakufa kwa kushiba. Kuvu inapanda kutoka chini, majani yanapata madoa, shina linalainika, na baada ya muda mfupi mmea umelala kana kwamba umepigwa. Kazi ya Jentrix ilikuwa kuiokoa mimea hiyo kutokana na maji. Alizunguka mji kwa mji chini ya minazi, na kikapu chenye kisu na mkebe wa majivu, akiwaambia akina mama maneno yale yale. Inua udongo. Achanisha miche upepo upite. Ng'oa majani ya chini yasiguse ardhi. Mwagilia asubuhi, kamwe si jioni, usiilaze mboga na nguo mbichi. Akina mama walimsikia, na bustani zao zilisimama.

Alikuwa mtu wa sala. Kabla ya kutia jembe popote alipiga goti moja na kusema maneno machache, si kwa sauti. Aliamini kwamba Mungu anawapenda watu wa bustani, kwa kuwa alipanda bustani kabla hajamjengea mtu yeyote nyumba.

Kilichomtoa Msambweni ni mume. Musila alikuwa mwashi wa mawe, na mji wa Kitengela ulikuwa unakua kila upande, kwa hiyo kazi yake ilikuwa huku. Ndoa yao ilikuwa ndoa ya likizo. Walionana Pasaka na Krismasi, na kila walipoanza kuzoeana tena, basi la Mombasa lilikuwa limefika. Jentrix aliomba kwa miaka wapate kuishi chini ya paa moja. Kisha shirika moja la Nairobi likakubali kumlipa mshauri wa bustani kwa kikundi cha akina mama cha Kitengela, kwa majaribio mpaka mwisho wa mwaka. Sharti lilikuwa moja. Kabla ya Krismasi, nyumba za wanakikundi ziwe zinakula mboga za bustani zao wenyewe, na kikundi chenyewe kikubali kwamba mshauri amefaa. Kikikataa, Jentrix angerudi Msambweni, ambako nafasi yake ilikuwa bado inamngoja mpaka Januari.

Basi alianza kwa bidii, na alianza kwa yale aliyoyajua. Katika kila boma la mwanakikundi aliinua matuta.

Habari za makaburi zilisambaa upesi. Watoto walianza kumwita Mama Makaburi. Mzee mmoja Mmaasai, aliyezoea kupitisha ng'ombe wake nyuma ya ua wa Jawahir, alianza kuwazungusha mbali kupitia upande wa korongo. Jentrix alimfuata, akamsalimu kwa Kimaa kidogo alichokuwa amejifunza.

"Supa, mzee."

"Ipa."

"Mzee, unaweza kupita tu. Hapa hakujazikwa mtu. Ni mboga."

Mzee aliyatazama matuta kwa muda.

"Ni mboga?"

"Ni mboga."

"Basi mbona umezizika?" akauliza, na akaendelea kuwazungusha ng'ombe wake upande wa korongo.

Mvua ya Aprili ilikuwa kidogo, na mwezi wa tano ikakatika kabisa. Udongo wa Kitengela ni mweusi na mzito. Ukiloa unashika kiatu na kukivua, na ukikauka unapasuka. Upepo wa uwandani ulipiga matuta pande zote mbili, yakakauka mpaka ndani, yakafunguka nyufa ambazo mtoto angeweza kuingiza mkono. Maji yalikuja kwa mkokoteni wa punda. Akina mama waliyamwaga juu ya matuta asubuhi, kama walivyofundishwa, na maji yaliteremka ubavuni yakaishia njiani. Nyasi za njiani zikastawi. Njia ilinenepa, sukuma ikakonda.

Mwezi wa saba, katika mkutano wa kikundi nyuma ya duka la Jawahir, Mureithi alisimama. Alikuwa mwenyekiti, mwanamume pekee kikundini, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa haki lakini asiyejua kusema jambo kwa kuzunguka.

"Mwalimu, mimi nauliza tu. Mboga ya kikundi tunakula ya juu ya tuta ama ya kwa njia?"

Watu walicheka. Jentrix naye alicheka kidogo, kwa kuwa swali lilikuwa la kweli.

"Nipe nafasi nitafute jibu, mwenyekiti," alisema.

Jioni ile Musila alimkuta amekaa nje na miguu yake imejaa vumbi.

"Wamekufukuza?"

"Bado."

"Bado ni neno zuri. Kuna nyumba nimejenga na hilo neno peke yake."

Jentrix aliingia ndani akasali. Hakuomba aokolewe na aibu. Aliomba tu aonyeshwe anachokosa kuona, kisha akalala.

Kesho yake alitoka bila kikapu wala kisu, akatembea mjini akiangalia chini. Alipita penye majani yaliyokufa na miche iliyosinyaa, mpaka akafika pale mikokoteni ya maji ilipokuwa ikisimama kupakia. Punda walikuwa wamechimba shimo kwa kwato zao, maji yalikuwa yakimwagika humo kidogo kidogo, na ndani ya shimo hilo, pembeni, mnavu ulikuwa umeota wenyewe, mweusi kwa afya, ukiwa umeinamishwa tu na upepo uliopita juu yake. Hakuna mtu aliyeupanda. Hakuna mtu aliyeuinulia udongo. Jentrix alipiga goti kando ya punda, na mwenye mkokoteni akamuuliza kama ameangusha kitu.

Mkutano uliofuata alisema wazi. "Nimewafundisha bustani ya Msambweni. Kule tunakimbia maji. Hapa ni sisi tunaotafuta maji, kwa hiyo mboga lazima ikae chini, pale maji yanapolala. Tutavunja matuta. Tuchimbe mashimo mapana kama mabeseni, tutie samadi ndani, tufunike na nyasi, na tumwagilie jioni."

Manung'uniko yalipita kama upepo.

"Ulituambia tupande, sasa tushuke," alisema Jawahir. "Si ungeamua tukiwa bado na mgongo?"

"Samahani, mama."

"Samahani haichimbi. Leta jembe."

Walichimba wote isipokuwa mmoja. Virginia Wacuka alikuwa mjane mzee kutoka Murang'a, aliyenunua kipande chake cha ardhi upande wa Noonkopir na kujenga nyumba ya mabati. Kila mtu alimwita Cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu. Jentrix alipofika kwake na jembe, Cucu alikuwa amekaa mlangoni, mguu mmoja umenyooshwa mbele.

"Sichimbi," alisema kabla hajasalimiwa.

"Cucu, nitakuchimbia mimi."

"Hata wewe huchimbi. Uliniambia kitu kikiinuliwa kimeinuliwa. Nikainua. Goti langu halijaninyamazia tangu siku hiyo. Mimi si fuko, leo juu kesho chini."

"Lakini mboga itakauka."

"Itakunywa maji ya vyombo. Mimi na yeye tumeelewana."

Jentrix alimwacha. Na kweli Cucu aliinywesha sukuma yake maji ya kuoshea vyombo, akaifunika magunia wakati wa jua kali, ikaendelea kuishi ikiwa nyembamba na yenye hasira kama yeye mwenyewe.

Mabeseni yalifanya kazi. Mwezi wa tisa, nyumba kadhaa zilikuwa zimeanza kukatia mboga nyuma ya nyumba, na Mureithi alipita akitazama na kutikisa kichwa kwa namna nzuri. Kilichobaki ni mvua tu ili mabeseni yajae sawasawa. Kwa hiyo watu waliomba. Waislamu walitoka Ijumaa wakaswali uwanjani, wakaomba mvua. Wakristo walifunga Jumapili, wakaomba mvua. Jentrix aliomba zaidi ya wote, kwa kuwa katika mvua ile aliona Krismasi yake na zote zitakazofuata.

Mvua ilikuja katikati ya Oktoba. Siku ya kwanza watu walisimama nje wakaloa kwa furaha. Baada ya juma walikuwa wanatazama kutoka mlangoni. Kisha wakaacha kutazama. Redio ilisema mvua hiyo inaitwa El Nino.

"Nyinyi mliomba Jumapili, sisi Ijumaa," Jawahir alimwambia Jentrix. "Nafikiri Mungu amejibu zote mbili pamoja."

Walikuwa wamesimama chini ya paa la duka, wakiangalia bustani. Udongo ule mweusi, ukishashiba, haupitishi hata tone. Mabeseni yote yalikuwa yamejaa mpaka ukingoni. Sukuma ilikuwa imesimama ndani ya maji, ya manjano, na chura alikuwa amekaa juu ya jani moja kama mwenye shamba.

Haibe alitokea nyuma yao na glasi ya chai ya maziwa.

"Mwalimu, makaburi nilikuwa nimeshazoea," alisema kwa upole. "Hizi bwawa sasa ni za nini? Nilete ng'ombe wanywe?"

"Haibe, nyamaza," alisema Jawahir.

"Nauliza tu. Ng'ombe wako na kiu? Hawana. Hata wao wamechoka."

Bustani zote za mabeseni zilikufa ndani ya wiki mbili. Mureithi alikuja nyumbani kwa Jentrix akiwa na buti za mpira zilizobeba udongo mpaka magotini. Alikataa kuingia ili asichafue.

"Mwalimu, sina ubaya na wewe," alisema. "Unafanya kazi. Lakini Desemba nitaulizwa kama nyumba zinakula mboga zao, na mimi sitasema uongo. Msambweni bado wanakushikia ile nafasi?"

"Mpaka Januari."

"Basi uko na pa kwenda," alisema Mureithi, na alisema kwa wema, akidhani anamfariji.

Jentrix hakumwambia Musila maneno hayo mara moja. Alipika, wakala, mvua ikapiga mabati. Ndipo aliposema. Musila aliweka sahani chini.

"Msambweni kuna mawe?" aliuliza.

"Kuna matumbawe."

"Matumbawe sijawahi kujenga nayo." Alifikiri. "Naweza kujifunza. Lakini huku niko na watu wanaonijua, na huko nitaanza kama kijana wa kubeba maji."

"Sitaki uanze upya."

"Na mimi sitaki likizo tena," alisema Musila.

Siku iliyofuata Jentrix alikwenda kuwaona wanakikundi mmoja mmoja. Alitaka wasikie kwake mwenyewe kwamba amekwama, wasisikie njiani. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Cucu Wacuka. Alimkuta palepale mlangoni, anamenya viazi.

"Umekuja kuniambia nichimbe?"

"Hapana, Cucu."

"Kwa sababu sichimbi."

"Nimekuja kukusalimu."

"Salimu basi. Halafu uniangalilie ile ya mwisho. Iko na ugonjwa."

Jentrix aligeuka, na kwa mara ya kwanza akatazama vizuri. Matuta ya Cucu yalikuwa yamesimama katikati ya maji kama visiwa. Maji yalizunguka chini yake yakaenda zake. Na juu, sukuma ile nyembamba ya mwezi wa nane ilikuwa imekuwa kichaka. Majani yalikuwa mapana kama sinia, mashina yalikuwa manene kama kiwiko, na kila shina lilikuwa limetoa machipukizi pembeni.

Alikwenda kwenye tuta la mwisho, akainama, akageuza jani. Upande wa chini kulikuwa na unga wa kijivu, laini kama manyoya ya kifaranga. Aliunusa. Harufu ilikuwa ya jani bichi lililolala na nguo zilizoloa, na Jentrix alianza kucheka, peke yake, katikati ya mvua.

"Unacheka ugonjwa wangu?" Cucu aliuliza.

"Cucu, huu ni ukungu wa Msambweni. Huu nimeamka nao kila siku. Huu naujua kama ninavyomjua dada yangu."

"Basi mwambie dada yako atoke kwa mboga yangu."

Jentrix alitoa kisu. Aling'oa majani yote ya chini mpaka kila shina likasimama wazi. Alipunguza mimea iliyobanana ili hewa ipite. Majani yenye ugonjwa aliyakusanya na kuyapeleka mbali. Alifanya kazi hiyo bila kufikiri, mikono ikikumbuka, na huku akifanya alikuwa anasema na Mungu wake. Alikuwa amefundisha bustani ya pwani katika nchi kavu, kisha bustani ya nchi kavu katika pwani. Maana Kitengela, kwa msimu huu mmoja, ilikuwa imehamia pwani. Hewa ilikuwa ile ile na ukungu ule ule, na yeye ndiye mtu pekee katika mji huo aliyejua la kufanya nao.

"Cucu, naomba machipukizi," alisema alipomaliza. "Yote unayoweza kutoa. Sina muda wa kuotesha miche. Haya yakishika sasa, kabla ya Krismasi watu watakuwa wanakata."

Cucu alimenya kiazi kizima kabla ya kujibu.

"Nitatoa. Lakini kila mmoja aje mwenyewe. Na aseme."

"Aseme nini?"

"Anajua."

Walikuja. Walikuja kwa magunia ya plastiki kichwani, matope mpaka kwenye paja, na kila mmoja alisimama mbele ya mlango ule akasema kwamba Cucu alikuwa sawa. Cucu aliwasikiliza kwa makini, na waliosema kwa sauti ndogo aliwarudisha waseme tena.

"Cucu, uvivu wako umetuokoa," alisema Jawahir zamu yake ilipofika.

"Huo haukuwa uvivu. Ilikuwa imani."

"Imani ya goti."

"Hata goti limeumbwa na Mungu. Chukua machipukizi yako uende."

Kuinua matuta katika matope yale ilikuwa kazi ya kuwafanya watu wazima wacheke au walie, na wao walichagua kucheka. Jembe liliingia likakataa kutoka. Udongo ulishika miguu, na Jawahir alipoteza kiatu kimoja ambacho hakikuonekana tena. Tena matuta mabichi yaliporomoka usiku ule ule. Musila ndiye aliyeona dawa. Alikuja na mkokoteni wa vipande vya mawe vilivyobaki kazini, vile ambavyo wenye nyumba huvitupa, akavipanga kuzunguka kila tuta, jiwe kwa jiwe, akivikalisha kwa nyundo kama anajenga msingi. Matuta yakasimama.

Haibe alitoka kuangalia.

"Mawe pande zote," alisema. "Hayo sasa ni makaburi ya matajiri."

"Wewe shika hapa," Musila alimwambia, akampa jiwe.

Haibe alilishika. Mpaka jioni alikuwa amejenga matuta mawili, na kwa siku nyingi baada ya hapo aliwaonyesha wateja wa duka yale ambayo ni yake.

Jentrix alizunguka kila siku sasa, kikapu mkononi, kama zamani. Alichimba vifereji vya kutoa maji kati ya matuta. Aligeuza majani. Alipiga goti moja kwenye matope kabla ya kila tuta, na akina mama, walioanza kwa kumcheka, sasa walisimama kimya wakamngoja amalize. Siyo kila kitu kiliokoka. Bustani moja ilichukuliwa na maji ya mto pamoja na mawe yake. Nyingine ililiwa na mbuzi wa jirani, ambao mvua haikuwapunguzia hamu ya chakula. Lakini katika nyumba nyingine machipukizi yalishika, yakanyooka, yakafungua majani.

Kufikia Desemba barabara zilikuwa zimeharibika. Malori ya nyanya na kitunguu kutoka Loitokitok yalikuwa yamekwama njiani, na katika soko la Kitengela hakukuwa na jani la kununua. Ila dukani kwa Jawahir, juu ya kaunta, kando ya mchele, kulikuwa na mafungu ya sukuma yaliyozidi chakula cha nyumbani, na watu walitoka mbali kuyafuata.

Siku ya ukaguzi Mureithi alianza asubuhi. Alikuwa amesema atakwenda nyumba kwa nyumba kuona kama watu wanakula mboga zao. Kile ambacho hakukifikiria ni kwamba, katika nchi hii, huwezi kuingia katika nyumba ya mama kuuliza kama ana chakula na kisha ukatoka bila kukila. Kila nyumba ilimwandalia ugali na sukuma. Nyumba ya kwanza alikula vizuri. Nyumba ya pili alisifu. Saa sita alikuwa amelegeza mshipi, na alipofika kwa Cucu Wacuka aliketi kama mtu anayesubiri hukumu.

"Cucu, kidogo tu."

"Kidogo ni ya wagonjwa," alisema Cucu, akampakulia.

Saa tisa walikutana nyuma ya duka, chini ya paa la mabati, wote wamebanana juu ya makreti ya soda na magunia. Mvua ilikuwa imesitasita. Mureithi alisimama polepole, mkono tumboni.

"Nyumba mbili hazina mboga," alisema. "Moja ni mto, moja ni mbuzi. Hizo zingine zote, mimi ni shahidi. Nitakuwa shahidi mpaka kesho kutwa."

Walicheka. Yeye hakucheka, na akamgeukia Jentrix.

"Sasa mwalimu, swali la kweli. Hii mvua itaisha. Jua likirudi, utatuambia nini? Tubomoe tena?"

Jentrix alisimama.

"Ndiyo," alisema. "Jua likirudi tutashuka. Mvua ikirudi tutapanda. Siwezi kuwaahidi bustani ya njia moja, kwa sababu nchi yenyewe haijaniahidi mimi. Ninachoweza ni kuangalia kila siku na kuwaambia mapema. Nikikosea nitasema."

"Mimi sishuki," alisema Cucu Wacuka kutoka pembeni.

"Wewe hushuki, Cucu. Wewe utabaki juu kwa ajili yetu."

"Hiyo sawa."

Mureithi alifungua kinywa kuita kura kama mshauri amefaa, na hapo mvua ikarudi kwa nguvu zake zote juu ya mabati. Hakuna aliyesikia neno lolote tena. Mureithi alionekana akisema, kisha akipiga kelele, kisha akakata tamaa, akainua mkono wake mwenyewe juu na kuwatazama wengine. Mikono iliinuka. Jawahir aliinua wake. Mama wa mbuzi aliinua, na yule wa mto aliinua pia. Haibe, ambaye hakuwa mwanakikundi na hakuwa na kura, aliinua mkono kutoka mlangoni, na mke wake akamshusha.

Kisha Cucu Wacuka alisimama kufunga kwa sala. Alifumba macho, akaanza. Midomo yake ilikwenda, ikapumzika, ikaenda tena. Aliinua kidole, akakishusha. Wakati mmoja alionekana kama anamkumbusha Mungu jambo ambalo walikubaliana. Hakuna aliyesikia hata silabi, na hakuna aliyefumbua macho isipokuwa kuchungulia midomo yake, na ilipotulia wote walisema amina kwa pamoja.

Jentrix alitoka nje. Musila alikuwa amesimama chini ya ukingo wa paa ng'ambo ya pili ya ua, gunia kichwani. Alikuwa amengoja hapo tangu mkutano uanze. Alimwona mke wake, akainua mikono kuuliza.

Jentrix alimwambia kutoka upande huu. Musila alitikisa kichwa na kugusa sikio. Akamwambia tena, kwa sauti kubwa zaidi, na mvua ikaimeza. Basi akavua viatu, akavishika mkononi, akaingia katika matope mpaka upande wa pili, akamwekea mume wake mdomo sikioni na kumwambia polepole, neno moja moja.

Musila alisikiliza mpaka mwisho. Halafu alimwomba aseme tena.